Maji kwa Chatu Mchanga Wakati wa Kiangazi

Mada iliyowasilishwa na Divisheni ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi mbele ya wakazi wa kata na wawakilishi wa vikundi vya ngoma za asili



Kiangazi kimeingia. Visima vinapungua, foleni za ndoo kwenye vituo vya kuchotea maji zinarefuka, na kila kaya inapima upya matumizi yake: maji ya kunywa na kupikia kwanza, ya mifugo baadaye, ya kufulia mwisho. Katika hesabu hiyo yuko mnyama mmoja anayesahaulika kuliko wote, naye ni chatu anayetunzwa kwa ajili ya ngoma. Ng'ombe mwenye kiu hulia zizini na mbuzi humfuata mwenye ndoo. Chatu mwenye kiu hukaa kimya katika sanduku lake, na kwa mtu asiyejua dalili, ukimya huo hufanana na utulivu.

Usukumani, ngoma ya nyoka si jambo geni. Chama cha Bayeye kimejulikana kwa vizazi kwa ujuzi wa kuwashika nyoka na kuwatibu walioumwa nao, na wageni wanaofika Bujora, karibu na jiji la Mwanza, wakati wa sherehe za Bulabo huwaona wachezaji wakitoka uwanjani na chatu mabegani. Ujuzi huo wa wazee unastahili heshima. Hata hivyo, vijana wengi wa leo wamerithi mtindo wa kucheza bila kurithi elimu ya kutunza, na anayelipa gharama ya pengo hilo ni mnyama. Mada hii inahusu chatu mchanga, yaani aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu huyo ndiye anayekauka upesi kuliko wakubwa.

Kibali kwanza

Kabla ya bakuli la maji, kuna karatasi. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori wote nchini ni mali ya umma, na chatu ni mmoja wao. Hakuna mtu anayeruhusiwa kumkamata porini au kumweka nyumbani bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori. Kikundi kisicho na kibali kinashauriwa kumwona Afisa Wanyamapori wa wilaya mapema, badala ya kumficha mnyama chini ya kitanda, kwa maana mnyama aliyefichwa hupata maradhi na hapelekwi kwa daktari hadi anapokufa. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama kumkinga na njaa, kiu na mateso. Kwa hiyo maji ni haki ya mnyama huyo kabla hayajawa ukarimu wa mfugaji.

Jinsi chatu anavyopata na kupoteza maji

Porini, chatu wa Afrika hakai mbali na maji. Hupenda kingo za mito, mabwawa na mabonde yenye majani marefu, na mara nyingi hujilaza ndani ya maji akabakiza pua tu. Jua likiwa kali huingia katika mashimo ya muhanga au chini ya vichuguu, ambako hewa ni ya baridi na yenye unyevu hata katika mwezi wa Agosti. Jike hutaga mayai yake katika mashimo ya namna hiyo na kuyazungushia mwili wake hadi yaanguliwe. Mwaka 2018, mtafiti Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba jike la chatu wa kusini mwa Afrika hubaki na watoto wake shimoni kwa takribani majuma mawili baada ya kuanguliwa, akiwapa joto usiku. Kumbe chatu mchanga huanza maisha yake ndani ya unyevu, chini ya ardhi, penye kivuli cha mama. Sanduku la mbao lililowekwa chini ya paa la bati halina hata kimoja kati ya hivyo.

Nyoka hatoki jasho. Hata hivyo hupoteza maji kwa njia tatu: kwa pumzi, kwa ngozi na kwa choo. Maumbile yamembania matumizi katika njia ya mwisho, kwani mkojo wake hautoki ukiwa maji matupu kama wa mbuzi, bali hutoka kama uji mzito mweupe mfano wa chokaa iliyolowa. Katika njia mbili za kwanza, mdogo huumia zaidi kuliko mkubwa. Sababu yake inajulikana na kila mama wa Kisukuma aliyewahi kuanika michembe. Kiazi kilichokatwa vipande vyembamba hukauka kwa siku chache, ilhali kiazi kizima kikianikwa juani hubaki na maji yake kwa muda mrefu. Chatu aliyeanguliwa karibuni ana urefu wa nusu mita hivi na unene wa kidole. Ngozi yake ni nyingi ikilinganishwa na nyama yake, na akiba yake ya maji ni ndogo. Siku tatu za bakuli tupu ambazo chatu wa mita tatu angezivumilia zinaweza kumwangusha mdogo.

Dalili zinazopaswa kutambuliwa

Dalili ya kwanza iko kwenye ngozi. Ngozi ya chatu mwenye afya hukaa sawasawa juu ya mwili, na akijipinda mikunjo hutoweka mara anaponyooka. Ngozi ya chatu aliyepungukiwa na maji hubaki na mikunjo midogo ubavuni hata akiwa amenyooka, na ikibanwa taratibu kwa vidole hukawia kurudi mahali pake.

Dalili ya pili iko machoni. Chatu hana kope. Jicho lake limefunikwa na kiwambo angavu kama kioo cha saa, na kiwambo hicho hutoka pamoja na gamba kila anapojivua. Mwili ukikauka, kiwambo huingia ndani na kuonekana kama kimebonyea. Hapa panahitaji uangalifu, kwa kuwa siku chache kabla ya kujivua gamba macho ya kila chatu hugeuka kuwa na ukungu wa rangi ya samawati, na ngozi hufifia. Hali hiyo ni ya kawaida na hupita yenyewe. Ukungu wa macho pekee si ugonjwa, lakini kubonyea kwa macho ni onyo.

Dalili ya tatu ni gamba lenyewe. Chatu mchanga anayekua vizuri hujivua kila baada ya majuma manne hadi sita, na gamba hutoka zima, kuanzia kichwani hadi mkiani, likiwa limegeuzwa nje ndani kama soksi iliyovuliwa kwa haraka. Gamba likitoka vipandevipande, likabaki shingoni au kwenye ncha ya mkia, ujumbe ni mmoja: hewa ya sandukuni ilikuwa kavu, au mnyama alikuwa na kiu. Kila gamba linapovuliwa, mfugaji anapaswa kulikunjua na kutafuta mahali pa macho. Vile viwili vidogo vya mviringo vikiwapo, kazi imekwisha salama.

Dalili nyingine ni choo kigumu ambacho sehemu yake nyeupe imegeuka kuwa njano na kukauka kama chaki, ute mzito unaonata mdomoni, kulegea mwili, na kukataa chakula.

Mfano mmoja unatosha

Chukulia kikundi cha ngoma chenye chatu wa miezi sita, mwezi wa Agosti. Sanduku lake ni la mbao, juu limewekwa wavu, nalo limesimama chini ya bati. Chombo cha maji ni kopo jepesi. Chatu amepita usiku, kopo limepinduka, na maji yamenywewa na mchanga. Asubuhi kijana wa zamu anaona kopo limelala, anadhani mnyama ameshiba maji, analisimamisha bila kulijaza. Siku ya pili yuko mnadani. Siku ya tatu analeta panya, chatu anakataa. Siku ya nne macho yamebonyea, gamba limeanza kupasuka shingoni na kuganda hapohapo.

Kijana anamwambia mzee wa kikundi, "Babu, huyu ana hasira, hataki kula." Mzee anamshika chatu, anabana ngozi ya ubavu, anaangalia mkunjo usiorudi, anajibu, "Hana hasira, mjukuu wangu. Ana kiu."

Katika mfano huo hakuna aliyemtesa mnyama kwa makusudi, wala hakuna aliyekosa maji ya kumpa. Lita moja kutoka katika ndoo ya lita ishirini ingetosha. Kilichokosekana ni mtu wa kuangalia kila siku na chombo kisichopinduka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe hapa ulikuwa na ukubwa wa kopo.

Chombo, sanduku na zamu

Chombo cha maji kiwe kizito na kipana: bakuli la udongo au la kauri ambalo chatu mchanga anaweza kuingia na kujikunja ndani yake bila maji kumwagika. Kina kisizidi kile ambacho mnyama anaweza kuinua kichwa chake bila taabu. Maji yabadilishwe kila siku, na mara moja zaidi iwapo chatu amejisaidia ndani yake, jambo analolifanya mara kwa mara. Bakuli lioshwe kwa sabuni na maji ya moto, lisuuzwe vizuri, na lisichanganywe na vyombo vya jikoni.

Maji yanayomfaa binadamu kunywa yanamfaa chatu. Maji ya bwawa au ya ziwa yachemshwe na kupozwa kwanza. Isitoshe, mtoto asitumwe kuchota maji ya ziwani kwa ajili ya nyoka, kwa sababu kukanyaga maji ya kandokando ya Ziwa Viktoria kunaweza kumletea kichocho. Hakuna ngoma yenye thamani ya afya ya mtoto.

Sanduku liondolewe chini ya bati na kuwekwa chumbani penye kivuli na hewa. Upande mmoja uwe na joto la nyuzi 30 hadi 32 za Selsiasi na upande wa pili nyuzi 25 hadi 27, ili mnyama achague mwenyewe. Unyevu wa hewa wa asilimia 50 hadi 60 unamtosha siku za kawaida. Wavu wa juu, ambao hupitisha unyevu wote nje, ufunikwe kwa ubao au nailoni nusu yake au zaidi, lakini usizibwe wote.

Jambo linalosaidia kuliko yote ni maficho yenye unyevu. Ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko hutobolewa tundu la kumtosha chatu kupita, kingo za tundu husuguliwa zisimkwaruze, na ndani huwekwa kitambaa safi cha pamba kilicholowekwa na kukamuliwa hadi kisidondoshe maji. Kitambaa hufuliwa kila baada ya siku mbili au tatu. Chatu huingia humo anapotaka, hasa macho yanapokuwa na ukungu, na gamba hulainika bila mtu kumgusa. Hilo ndilo shimo la muhanga lililohamishiwa nyumbani.

Kikundi kiwe na zamu iliyoandikwa. Daftari moja la shule linatosha: tarehe, jina la aliyebadilisha maji, siku ya chakula, siku ya kujivua gamba na hali ya gamba. Kazi ya wote ikikosa jina la mtu haifanywi na yeyote.

Chakula pia ni maji, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili wa panya ni maji. Lakini chatu aliyekwisha kukauka asilishwe kabla ya kunyweshwa. Tumbo kavu haliwezi kumeng'enya, na mara nyingi hutapika na kupoteza hata yale maji machache yaliyosalia.

Safari za ngoma

Chatu mchanga hukaushwa sana na safari. Gunia lililofungwa nyuma ya bodaboda, juani, kwa saa tatu, ni tanuri. Asafirishwe ndani ya mfuko wa kitambaa uliowekwa kwenye boksi lenye matundu, asubuhi au jioni, naye asiwekwe juani kati ya mchezo mmoja na mwingine. Akifika apewe maji mahali pa utulivu. Chatu mwenye macho ya ukungu, aliyekula ndani ya siku tatu zilizopita, au mwenye dalili yoyote iliyotajwa, abaki nyumbani. Watazamaji wakiuliza, jibu la kweli halimshushii mchezaji heshima.

Unyevu ukizidi

Baadhi ya wafugaji wakishatambua hatari ya ukavu hukimbilia upande wa pili: humwagia sanduku maji kila saa au humweka chatu kwenye matambara yaliyolowa mchana na usiku. Huko nako ni kumdhuru. Nyoka anayelala juu ya sakafu iliyolowa hupata malengelenge na kuoza magamba ya tumboni, na hewa nzito isiyozunguka humletea maradhi ya mapafu. Dalili zake ni kupumua kwa mlio, mapovu puani na kukaa mdomo wazi. Sakafu ya sanduku iwe kavu, bakuli liwe na maji, maficho yawe na unyevu. Mnyama apewe nafasi ya kuchagua.

Msaada wa kwanza

Chatu mchanga akionyesha dalili za mwanzo, kwanza awekewe maji safi mbele yake na aachwe peke yake. Ulimi wake hauchoti maji, kazi yake ni kunusa. Yeye huzamisha midomo na kuvuta maji kwa taya, polepole, na hukatisha akisumbuliwa. Asipokunywa, awekwe ndani ya beseni lenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 27 hadi 30, kina kisichofika nusu ya unene wa mwili wake, kwa dakika 15 hadi 20. Mtu asiondoke hapo hata kwa dakika moja, kwa kuwa chatu aliyedhoofika anaweza kuzama katika maji ya kina kidogo. Vipande vya gamba vilivyolainika viondolewe kwa kitambaa chenye maji, bila kulazimisha. Kiwambo kilichobaki juu ya jicho kisiguswe kwa kucha wala kibano, maana kukibandua kwa nguvu kunaweza kumpofusha. Maficho yenye unyevu yatakilainisha, na kwa kawaida hutoka na gamba linalofuata. Kisipotoka, ni kazi ya daktari.

Maji yasimiminwe mdomoni kwa kijiko wala bomba. Tundu la hewa la nyoka liko mbele kabisa sakafuni mwa kinywa, na maji yanayomiminwa huishia mapafuni.

Wapo wanaoamini kwamba nyoka hupenda maziwa. Nyoka mwenye kiu kali atakunywa maziwa kama atakavyokunywa kiowevu chochote, lakini mwili wake haukuumbwa kuyameng'enya, nayo humwongezea maradhi. Maziwa yabaki kwa watoto.

Macho yakibaki yamebonyea baada ya siku moja, au mnyama akishindwa kujigeuza anapolazwa chali, apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa. Daktari ana njia ya kumwongezea maji kwa sindano, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake.

Usalama wa kaya

Nyoka wengi, hata wenye afya, hubeba bakteria wa salmonela katika choo chao, na maji ya bakuli lao hubeba bakteria hao. Yasimwagwe jikoni, kisimani wala penye vyombo, yamwagwe chooni. Kila aliyemshika chatu au chombo chake anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Watoto walio chini ya miaka mitano wasimguse kabisa. Tena chatu hana sumu, lakini hukua: aliye na unene wa kidole leo anaweza kufikia mita tatu au zaidi. Anayeona hataweza kumtunza akiwa mkubwa amkabidhi kwa Afisa Wanyamapori, asimwachie kichakani wala asimuue.

Ndugu wakazi, kata hii ina uhaba wa maji katika miezi hii, na hakuna anayeombwa kumtanguliza nyoka mbele ya mtoto au ng'ombe. Kinachoombwa ni lita moja ya maji safi kwa siku, bakuli zito, kitambaa kilicholowa na mtu mmoja mwenye zamu. Aliyeamua kumtoa chatu shimoni amechukua nafasi ya shimo hilo na ya mama aliyekuwamo. Kikundi kinachotaka kukaguliwa sanduku lake kabla ya msimu wa ngoma kifike ofisi ya Afisa Mifugo wa kata siku yoyote ya kazi, kikiwa na kibali chake na daftari lake.